Mirambo, Gobore na Njia ya Baruti

Safari hii ukurasa wa watu mashuhuri umeniangukia mimi, na kama Mnyamwezi ninayejiheshimu sikuhangaika kutafuta. Nimemchukua Mtemi Mirambo. Wabongo wengi tunalijua jina kwa sababu kuna Mtaa wa Mirambo pale Dar, na waliosoma au kupita Tabora wanaijua kambi ya jeshi yenye jina hilo. Ukiuliza zaidi ya hapo utaambiwa alikuwa Napoleon wa Afrika, basi, mada imefungwa.

Mimi mwenyewe nilikuwa naishia hapohapo mpaka mwaka jana, hapa Pennsylvania, mzee mmoja jirani yetu aliponichukua Jumamosi kwenda kulenga shabaha. Jimbo hili lina msimu wa kuwinda paa, unaoanza baada ya Krismasi, ambao bunduki inayoruhusiwa ni ya gumegume tu, yaani ile ya kushindiliwa kwa mdomoni na kuwashwa kwa jiwe. Nilipoiona nikacheka. Nikamwambia, mzee, hili ni gobore, hata babu yangu alikuwa nalo kwa ajili ya nguruwe pori. Akanipa nishindilie.

Jamani, kumbe kazi. Kwanza unamimina baruti kutoka kwenye pembe kuingia kwenye kipimo, halafu kutoka kwenye kipimo kuingia mtutuni. Usithubutu kumimina moja kwa moja, maana cheche ikibaki ndani pembe nzima inalipuka mkononi mwako. Kisha unaweka kitambaa kidogo chenye mafuta, juu yake goli la risasi, unasukuma kwa mdeki mpaka likalie baruti sawasawa. Likibaki nafasi katikati, kasiba inaweza kupasuka. Halafu unatia baruti laini kidogo kwenye kisahani cha pembeni, unafunika, unavuta nyundo. Ukifyatua, jiwe linapiga chuma, cheche zinaangukia kisahani, moto unapenya kwenye kitundu, ndipo inalia. Kama hewa ina unyevu, inatoa moshi tu kwenye kisahani na paa anakuangalia. Ikigoma hivyo hutakiwi kuigeuza kuchungulia; unaielekeza mbele na kusubiri.

Mimi nilitumia karibu dakika mbili kwa risasi moja. Mzee chini ya nusu dakika, na ana miaka sabini. Lakini mimi na yeye wote tulitumia mikono miwili, tukiwa tumesimama, macho yakiwa kwenye bunduki na si kwa adui. Hilo ndilo lililonirudisha kwa Mirambo.

Alizaliwa mnamo 1840, mtoto wa mtemi wa Uyowa, nchi ndogo magharibi ya Tabora. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtyela Kasanda. Masimulizi ya kwetu yanasema ujanani alitekwa na Wangoni walipopita, akajifunza kwao kupigana kwa vikosi na mbio. Mirambo ni jina la vita, maana yake maiti. Akirithi utemi akiwa kijana, alianza kumeza majirani mmoja mmoja mpaka akajenga makao pale panapoitwa Urambo hadi leo.

Sasa angalia miaka. Kuanzia miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili silaha, yanachukua bunduki za kupakia kwa nyuma. Magobore ya zamani yakabaki maghalani, na mfanyabiashara gani ataacha kuuza? Yalimwagwa Zanzibar, yakapanda bara na misafara, yakalipiwa kwa pembe za ndovu. Mirambo alikusanya vijana, wale rugaruga, wengi wao hawana ukoo wa kuwazuia, akawapa bunduki hizo na mgawo wa nyara. Lakini Tabora nao walikuwa nazo, tena nyingi. Silaha peke yake haikumpa ushindi.

Mwaka 1871 ugomvi wa biashara na ushuru wa njia ukawaka moto kati yake na Waarabu wa Tabora. (Ndugu zangu wa Unguja na Maskati msininunie, nasimulia tu.) Mwezi wa nane walimwendea na jeshi kubwa. Henry Stanley, aliyekuwa akipita kumtafuta Livingstone, akajiunga nao, ingawa siku yenyewe homa ilimwangusha akabaki nyuma huko Zimbizo. Wakakitwaa kijiji cha Wilyankuru bila shida kubwa, wakapora pembe, nguo na watu. Wakaanza kurudi, kila mmoja na furushi lake.

Mirambo alikuwa amewaacha waingie. Vijana wake walilala kwenye majani marefu kando ya njia, magobore yakiwa yamekwisha kushindiliwa, wakawasubiri warudi wakiwa na mizigo. Zamani nikisoma habari hii niliona ni ujanja wa kawaida tu wa kuvizia. Baada ya ile Jumamosi naiona tofauti. Mtu mwenye pembe ya ndovu begani hana mikono ya kushika mdeki. Hata akitupa mzigo, anahitaji nusu dakika ya utulivu, na mwenye mkuki anahitaji sekunde tano. Gobore la Mirambo lilikuwa na risasi moja tu, ila alichagua yeye lini ilie. Soud bin Sayd, aliyeongoza kikosi kile, aliuawa hapohapo, na waliobaki wakakimbia.

Siku chache baadaye Mirambo akaingia Tabora kwenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, alitoka kumkabili akauawa, na sehemu ya mji ikachomwa. Stanley alijifungia Kwihara, akatoboa matundu ukutani kwa ajili ya bunduki, akingoja zamu yake ambayo haikufika. Baadaye akazunguka mbali kusini ili afike Ujiji. Miaka mitano mbele, 1876, wawili hao walikutana wakachanjia udugu wa damu. Stanley alitarajia jambazi, akamkuta mtu mrefu, mpole wa maneno, asiyejionyesha.

Upole huo tusiutie chumvi. Watu wa Uvinza na Usumbwa waliuona upande wake mwingine, vijiji vikachomwa na watu wakachukuliwa mateka. Niliwahi kubishana na rafiki yangu wa Kigoma kuhusu shujaa ni nani, na kusema kweli sikumshinda.

Ila kuna jambo ambalo Mirambo, pamoja na akili yake yote, hakulipatia dawa. Baruti ni shura, makaa na kiberiti, na yeye yake ilitoka pwani. Ilipita mikononi mwa wale wale anaopigana nao, chini ya jicho la Sultani Barghash, ambaye naye alituma askari kuisaidia Tabora. Kila mlio wa gobore ulipunguza kitu asichoweza kukitengeneza Urambo. Nadhani ndiyo maana baada ya amani ya miaka ya 1870 alihangaika kutafuta marafiki wake mwenyewe huko pwani. Alimtumia Mswisi, Philippe Broyon, kupeleka pembe zake Zanzibar. Akawakaribisha wamisionari wa London, na daktari wao, Ebenezer Southon, akakaa Urambo kuanzia 1879 wakawa marafiki kweli. John Kirk, balozi wa Uingereza, akaanza kumwona kuwa mtu wa kufanya naye kazi.

Yote hayo yaliharibika Juni 1880. Vikosi vyake na vya mshirika wake Simba vilishambulia kijiji huko Mpimbwe, na ndani walikuwamo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wakimtumikia mfalme wa Ubelgiji. Wote wawili wakafa. Mirambo alikana kwamba alikusudia. Kirk akamgeuzia mgongo, na mlango wa pwani ukaanza kujifunga tena. Julai 1882 Southon naye akafa, kwa jeraha la mkono la bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Si vitani, bwana, ajali tu.

Mirambo mwenyewe alifariki tarehe 2 Desemba 1884, ugonjwa wa koo umemdhoofisha, akiwa na miaka kama arobaini na minne, na vita vyake havijaisha. Ndugu yake Mpandashalo akarithi, lakini dola ile ilishikiliwa na mtu mmoja, na mafuko ya baruti hayarithiwi. Mwaka 1890 Wajerumani walikuwa wamefika Tabora. Mwaka huohuo mkataba wa Brussels ulizuia bunduki za kisasa kuuziwa Waafrika wa ukanda wetu. Zilizoruhusiwa ni zile za gumegume zisizo na mifuo ndani, na baruti ya kawaida.

Tulipomaliza kulenga siku ile, mzee hakuniruhusu kuondoka. Masizi ya baruti yanavuta maji hewani, ukiyaacha usiku mmoja tu kasiba inakula kutu. Tukachemsha maji, tukatia sabuni, tukapitisha matambara kwa mdeki. Maji yalitoka meusi yananuka kama yai viza, mara saba, mara nane, mpaka kitambaa kikatoka cheupe, tukakausha na kupaka mafuta. Nikakumbuka babu alivyokuwa akifanya hivihivi jikoni, bibi akimfukuza kwa harufu. Nimempigia simu baba mdogo kumuuliza lile gobore lilienda wapi. Anasema walilisalimisha zamani polisi, ila mdeki bado upo, wanauchokolea maembe.