Aliyeihesabu milima asiimalize

Miaka kadhaa iliyopita nilijiunga na chama cha wapanda milima, mimi mwalimu wa Jiografia niliyefundisha habari za milima kwa muda mrefu pasipo kuukanyaga hata mmoja. Tuliwekewa shabaha: tupande Ngong, Kilimambogo, Longonot na Satima, kisha tutimize hesabu kwa kilele cha Lenana katika Mlima Kenya, chenye kimo cha mita 4,985. Minne ya kwanza niliipanda. Katika wa tano hewa nyepesi ilinishinda, nami nakiona kilele kwa macho yangu. Kichwa kiliniwanga, magoti yakalegea, nikarudi. Kule chini mwenzangu alinisihi nitie sahihi daftarini kuwa nilifika, kwa kuwa zilibakia hatua chache na hakuna ambaye angejua. Kalamu ilikuwa mkononi nilipomkumbuka Hugh Munro.

Munro alizaliwa London mwaka wa 1856, mtoto wa kwanza katika ukoo wa Kiskoti uliomiliki shamba kubwa la Lindertis, karibu na mji wa Kirriemuir. Alipokuwa kijana wa miaka 17 alipelekwa Stuttgart, Ujerumani, ajifunze lugha ya huko. Lugha aliipata, lakini alipata na jambo jingine ambalo halikuwamo katika ratiba ya masomo, nalo ni mapenzi ya milima, kwani safu za Alpi hazikuwa mbali. Baadaye alikwenda Afrika Kusini akawa katibu wa gavana wa Natal, na akashiriki katika vita dhidi ya Wabasuto. Aliporejea kwao alijaribu siasa, akagombea kiti cha ubunge mwaka wa 1885, akashindwa.

Mwaka wa 1889 kiliundwa Chama cha Wapanda Milima cha Uskoti, naye akawa miongoni mwa waasisi wake. Siku hizo hakuna aliyejua kwa hakika Uskoti ilikuwa na milima mingapi ya kimo cha futi 3,000, yaani mita 914, na zaidi. Wengi walidhani ni michache tu. Munro alipewa jukumu la kuihesabu. Alizikalia ramani, akapanda kwa miguu yake huku amebeba barometa ya kupimia kimo, kiangazi na katika theluji, mchana na hata usiku. Orodha yake ilipochapishwa katika jarida la chama mwaka wa 1891, watu walishangaa: vilele 538, na katika hivyo 283 alivihesabu kuwa milima kamili inayojitegemea.

Mara orodha hiyo ikawa shindano. Wa kwanza kutangaza kuwa ameipanda milima yote alikuwa kasisi mmoja, A. E. Robertson, mwaka wa 1901, ingawa wachunguzi wa baadaye walitilia shaka kama kweli alifika juu ya kila mmoja. Munro mwenyewe aliendelea pole pole, huku akiisahihisha orodha kila alipogundua kosa. Vilele viwili hasa ndivyo hutajwa kuwa vilimbakia. Kimoja ni jabali jembamba katika kisiwa cha Skye, lisilopandika ila kwa kamba na ujasiri. Cha pili ni Carn Cloich-mhuilinn, kilima chepesi alichokiweka akiba kwa makusudi, ili siku ya kukamilisha awe karibu na nyumbani.

Siku hiyo haikufika. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka umri haukumruhusu kushika silaha, lakini alikwenda Malta kusaidia kutafuta habari za askari waliojeruhiwa na waliopotea. Mwaka wa 1918 alianzisha mkahawa wa kuwahudumia askari huko Tarascon, Ufaransa. Huko ndiko alikoshikwa na homa ya mapafu, akafariki mwezi wa Machi, 1919, akiwa na umri wa miaka 62. Orodha iliyorekebishwa ilitolewa mwaka wa 1921, yeye akiwa kaburini. Kile kilima alichokihifadhi kilikuja kuondolewa katika daraja la milima kamili mwaka wa 1981. Hata hivyo, hadi leo mlima wa Uskoti wenye kimo hicho huitwa Munro, na maelfu ya watu wamemaliza safari ambayo mwenyewe hakuimaliza.

Walimu wenzangu, kazi yetu inafanana na yake. Tunawachorea wengine njia ya vilele ambavyo baadhi yetu hatutavifikia, na heshima yetu haipungui kwa hilo. Hupungua pale tunapotia alama mahali ambapo mguu haukukanyaga. Orodha ya Munro iliaminiwa kwa sababu aliipima, akaikosoa mwenyewe, akapima tena.

Basi niliiweka kalamu chini, na pale penye jina la Lenana nikapaacha wazi. Juma lililofuata niliwaonyesha wanafunzi wangu daftari lile. Mmoja wao, aliyekuwa amenakili majibu ya jirani yake katika zoezi la ramani, alibaki darasani wenzake walipotoka, akaniomba karatasi yake airudie upya.