TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Kijana aliyeomba aongezewe



Leo twende Madina, kwa kijana ambaye ratiba yake ya ibada ingekutoa jasho. Ni Abdullah bin Amr bin Al-As (r.a.). Alisilimu kabla ya baba yake, na ndiye yule aliyekuwa akiandika Hadithi za Mtume (s.a.w.), maandishi yake akayaita As-Sadiqa. Kijana wa nidhamu, si mchezo. Mchana anafunga, kila siku. Usiku anasimama, na Qur'ani yote anaikhitimisha kwa usiku mmoja.

Baba yake akamuoza binti wa Kikuraishi, wa ukoo mzuri. Mzee Amr akawa anampitia mkwewe kumuuliza habari za mumewe. Bibie akajibu kwa adabu: ni mume mwema sana, ila tangu aje kwake hajakanyaga kitandani. Hebu jiweke kwenye nafasi ya binti yule. Amemsifu mumewe, wala hakupandisha sauti, lakini ujumbe umefika. Mzee akampelekea Mtume habari.

Katika riwaya moja, Mtume (s.a.w.) alimfuata nyumbani. Abdullah akamwekea mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende. Mtume hakuukalia, akakaa chini, mto ukabaki kati yao. Naupenda sana mto ule! Anayekuja kukurekebisha ameketi chini kama wewe.

Akamweleza kuwa akiendelea hivyo macho yatadidimia na nafsi itachoka, na kwamba mwili una haki yake, macho yana haki, mke ana haki, hata mgeni ana haki. Akampa funga ya siku tatu kwa mwezi na khitma moja kwa mwezi. Kijana akasema anaweza zaidi. Wakaenda hivyo, yeye akiomba aongezewe, mpaka wakafika kwenye funga ya Nabii Daud (a.s.), leo unafunga kesho unakula, na khitma kwa siku saba. Asimame usiku, na alale pia. Hapo ukawa mwisho.

Hayo ni ya sunna. Funga ya Ramadhani ni faradhi, haiguswi. Lakini usiku wako je? Umejipangia juzuu mbili, tarawehe, darasa kwenye simu mpaka saa sita, na wanao wanakula futari wakiutazama mgongo wako. Kukaa na mkeo baada ya tarawehe, mkanywa chai ya tangawizi na kucheka kidogo, umekuandikia saa ngapi? Au ndicho cha kwanza kukatwa muda ukibana?

Uzeeni, nguvu zilipopungua, Abdullah alitamani angeipokea ile ruhusa ya mwanzo. Ila hakupenda kuacha jambo alilokuwa nalo siku alipoachana na Mtume. Basi akalitafutia njia. Fungu lake la Qur'ani la usiku alilisoma kwanza mchana mbele ya mtu wa nyumbani kwake, ili usiku liwe jepesi. Na alipotaka kupata nguvu, alikula siku kadhaa mfululizo huku akizihesabu, kisha akafunga idadi ile ile.

Wallahu a'lam.