Harry Nyquist: jamaa aliyetuonyesha kwa nini amplifaya inapiga mluzi

Wadau, leo nawaletea mtu ambaye mafundi tunamtaja sana, ila maisha yake wachache wanayajua.

Harry Nyquist alizaliwa tarehe 7 Februari 1889 kijijini Nilsby, Uswidi. Mwaka 1907 akahamia Marekani, akasoma Chuo Kikuu cha North Dakota, kisha Yale, ambako alipata udaktari wa fizikia mwaka 1917. Mwaka huohuo akaingia kampuni ya simu ya AT&T.

Wakati ule simu za mbali zilikuwa zinawaumiza watu kichwa. Sauti inafifia njiani, unaweka amplifaya, nayo amplifaya inaiharibu sauti. Mwaka 1927 Harold Black akapata dawa: chukua sehemu ya kinachotoka, irudishe mwanzoni ikiwa kinyume. Sauti ikasafika. Balaa ni kwamba baadhi ya amplifaya hizo zilianza kutetema zenyewe, kama ile maikrofoni ya harusini ikisogezwa karibu na spika.

Kwa nini? Kila kifaa kwenye saketi kinachelewesha wimbi kidogo. Kuchelewa huko kukifika nusu ya wimbi, kile kilichotakiwa kupunguza kinaanza kuongeza. Mwaka 1932 Nyquist akatoa kipimo chake: angalia wimbi linavyokuzwa na kuchelewa likizunguka saketi nzima, chora mstari kwenye karatasi. Mstari ukiizingira nukta ya hasi 1, amplifaya itatetema tu, hata uibembeleze vipi.

Sasa mimi natengeneza mashine za hospitali, na huyu mzee namkumbuka kila nikifungua ECG. Umeme wa moyo unaofika kwenye ngozi ni kama milivolti 1 tu, lazima ukuzwe sana. Halafu kuna waya wa mguu wa kulia: kwenye mashine nyingi unarudisha kinyume cha kelele za umeme wa ukutani. Maana yake mrejesho unapita ndani ya mwili wa mgonjwa! Ukitetema, karatasi inachora mawimbi yasiyo ya moyo, na daktari anaweza kuyasoma vibaya.

Kwa hiyo mimi natazama kwanza kasi ya wimbi. Likiwa la 50 Hz, nashuku umeme wa ukutani. Likiwa kasi nyingine, tena linabadilika ukigusa kebo, nashuku saketi inajitetemesha. Hapo nakagua kapasita zilizo karibu na miguu ya umeme ya IC, kisha kapasita inayopunguza kasi ya ule mrejesho wa mguuni. Ikifa hiyo, kazi imeharibika.

Nyquist alistaafu Bell Labs mwaka 1954, akafariki tarehe 4 Aprili 1976 huko Harlingen, Texas. Hakuwa fundi wa hospitali, alikuwa mtu wa simu. Lakini mstari wake bado unatuokoa.

Mafundi wenzangu mnaanzia wapi? Mwageni ujuzi hapo chini.