Szeemann: Aliyeacha kiti ili aandae maonyesho kwa uhuru

KUANDAA maonyesho ya sanaa ilikuwa kazi ya watumishi wa makavazi hadi Harald Szeemann, mzaliwa wa Bern, Uswisi, alipoamua kuifanya bila mwajiri.

Alizaliwa 1933 na kusomea historia ya sanaa. Mnamo 1961, kabla ya kutimiza miaka 30, alikabidhiwa usimamizi wa Kunsthalle, jumba la maonyesho la mji huo. Mwaka 1968 aliwaruhusu Christo na Jeanne-Claude kulifunika jumba zima kwa plastiki. Mwaka uliofuata aliwaalika wasanii wafanyie kazi papo hapo. Joseph Beuys alipaka mafuta kutani, Lawrence Weiner akabandua lipu, naye Michael Heizer akaponda lami ya nje kwa tufe la chuma.

Wakazi walighadhibika, wakuu wake wakaanza kumwingilia. Szeemann alijiuzulu, akaanzisha wakala wake mwenyewe.

Uhuru huo haukuwa wa bure. Alipoongoza Documenta 5 mjini Kassel, Ujerumani, mnamo 1972, baadhi ya wasanii walilalamika kwamba amejifanya msanii mkuu kuwaliko, na hesabu zikaonyesha upungufu wa fedha. Lalamiko hilo, kwa kweli, halikukosa msingi.

Mwaka 1974 alionyesha, ndani ya nyumba ya kawaida mjini Bern, vyombo vya marehemu babu yake aliyekuwa msusi, pamoja na mitambo ya kutia nywele mawimbi.

Aliongoza maonyesho ya Venice mwaka 1999 na 2001, akafariki Februari 2005. Shehena ya barua, picha na vitabu vyake ilinunuliwa 2011 na taasisi ya Getty, Los Angeles.