Mwalimu Aliyefagia Bweni la Wanafunzi

Mnaonicheka nikishuka ngazi huku nimeshikilia ukuta, karate ndiyo imenifanya hivi. Wiki ya tatu sasa tunafundishwa kusimama tu, kama mtu aliyepanda farasi: miguu mbali, magoti nje, mgongo wima, makalio yasichomoze. Nilitaka kuacha. Aliyenizuia ni marehemu Gichin Funakoshi.

Alizaliwa Okinawa, Japani, mwaka 1868, akawa mwalimu wa shule, kazi ninayoisomea mimi. Mchana alifundisha watoto, usiku alikwenda kujifunza karate kwa Anko Asato na Anko Itosu. Kata tatu za Tekki, zinazochezwa kwa mkao huohuo wa farasi, zilimchukua miaka kumi. Kumi, jamani!

Mwaka 1922, akiwa na miaka 53, alikwenda Tokyo kuonyesha karate, akabaki. Hela hakuwa nayo. Aliishi kwenye bweni la wanafunzi, akifagia na kutunza bustani, huku akifundisha. Wanafunzi wa vyuo kama Keio wakamfuata.

Yeye mwenyewe alisimama juu kidogo. Mwanawe Yoshitaka ndiye aliyeishusha mikao chini zaidi. Mwaka 1945 Yoshitaka alifariki, na ukumbi wao ukateketea vitani. Mzee aliendelea kufundisha, akafariki mwaka 1957.

Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Mtoto akikosea hesabu ileile mara ya tano, nisimwite mzito. Nitakumbuka ile miaka kumi, na haya magoti yangu yanayotetemeka.