Beatrix Potter: Mkulima aliyemlea nguruwe kando ya kitanda chake

Tunajua nguruwe si mnyama wa kila nyumba. Wapo wasiomla wala kumfuga kwa sababu ya imani yao, na wapo ambao ada ya shule ya watoto inatoka bandani kwake. Makala haya yanamhusu mwanamke wa Uingereza aliyefuga nguruwe kwa ajili ya soko, kisha mmoja wao akamwingia moyoni.

Jina lake ni Beatrix Potter. Alizaliwa London tarehe 28 Julai 1866, katika familia yenye mali iliyotokana na biashara ya pamba. Hakupelekwa shule. Walimu walikuja kumfundisha nyumbani, kama ilivyokuwa desturi kwa mabinti wa matajiri wa wakati ule. Rafiki zake wakubwa walikuwa mdogo wake wa kiume, Bertram, na wanyama waliowafuga chumbani: sungura, panya, vyura, mijusi, popo, hata kalunguyeye.

Watoto hao waliwapenda wanyama wao, lakini hawakuwaonea haya. Mnyama alipokufa, waliweza kumchuna na kumchemsha ili wapate mifupa yake, waione inavyoungana na kuichora. Beatrix alikuwa na mambo hayo mawili tangu utotoni: mkono wa kubembeleza na jicho lisilofumba.

Alipokuwa mtu mzima alijifunza sana habari za uyoga. Mwaka 1897 andiko lake kuhusu namna uyoga unavyoota lilisomwa mbele ya chama cha wanasayansi cha Linnean Society mjini London. Yeye hakuwepo, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria. Mwanamume ndiye aliyelisoma kwa niaba yake.

Pesa zake mwenyewe alizipata kwa njia nyingine. Mwaka 1893 alimwandikia barua mtoto mmoja aliyekuwa mgonjwa, akamsimulia kwa maneno na picha habari za sungura mtundu aitwaye Peter. Miaka kadhaa baadaye alitaka kuigeuza kuwa kitabu, wachapishaji wakakataa. Akachapa nakala 250 kwa gharama zake mwaka 1901. Mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ilikubali kukitoa, na kitabu kikauzwa kwa wingi.

Katika kazi hiyo alipendana na Norman Warne, mmoja wa wenye kampuni. Mwaka 1905 Norman alimposa, Beatrix akikaribia kutimiza miaka 39. Wazazi wake walipinga, wakisema mfanyabiashara hafai kumwoa binti yao, ingawa mali yao wenyewe ilitoka kwenye biashara. Yeye akakubali posa. Haukupita hata mwezi mmoja wa kuwaza maisha mapya, Norman akaugua na kufariki Agosti mwaka huohuo kwa saratani ya damu.

Miezi michache baada ya msiba huo, Beatrix alinunua shamba liitwalo Hill Top katika kijiji cha Near Sawrey, kaskazini mwa Uingereza, eneo la milima na maziwa. Alilipa kwa pesa za vitabu vyake pamoja na urithi mdogo kutoka kwa shangazi yake. Baadaye aligundua kwamba aliyemuuzia alikuwa amelinunua muda mfupi tu kabla, kwa karibu nusu ya bei aliyomtoza yeye. Wanakijiji walimcheka yule mgeni wa mjini. Hakulirudisha shamba. Alimbakiza msimamizi aliyemkuta pale, John Cannon, akamjengea nafasi yeye na familia yake kwenye nyumba hiyo, akaanza kujifunza ng'ombe, kondoo, kuku na nguruwe.

Hapo ndipo anapoingia yule nguruwe. Beatrix alikuwa akinunua vitoto vya nguruwe kwa mkulima jirani. Miongoni mwao alikuwemo jike mmoja mdogo sana, mweusi. Cannon hakutaka kumchanganya na nguruwe wa shamba, kwa kuwa hakuwa wa mbegu iliyokuwa ikitakiwa. Kwa hesabu za ufugaji msimamizi alikuwa na hoja: banda lina nafasi yake na chakula kina gharama yake. Beatrix akamchukua hivyohivyo. Akamweka ndani ya kapu kando ya kitanda chake, akamnywesha maziwa kwa chupa hadi akapata nguvu. Nguruwe akamzoea, akawa anamfuata nyuma huku na huko, ndani ya nyumba na nje.

Yeyote aliyewahi kulea mwanakondoo au ndama yatima kwa chupa anajua kinachotokea. Mnyama anakujua sauti. Siku ya kumpeleka mnadani inakuwa nzito.

Beatrix hakujifanya kwamba siku hiyo haipo. Nguruwe wa Hill Top waliuzwa, maana walikula sana na shamba lilipaswa kujiendesha. Lakini mwaka 1913 alitoa kitabu kuhusu nguruwe mdogo, Pigling Bland, anayeondoka nyumbani kwenda sokoni kwa sababu mama yao ana watoto wengi walafi. Amebeba kibali cha kusafiri, na njiani kuna polisi anayekagua, jambo ambalo mfugaji aliyewahi kusafirisha mifugo atalielewa mara moja. Njiani anamkuta jike mdogo mweusi aliyeibwa, ambaye mwenye nyumba anapanga kumgeuza nyama. Wawili hao wanatoroka alfajiri na kuvuka daraja la mpakani. Jike huyo alichorwa kutokana na yule wa kwenye kapu.

Kitabu kilitoka mwezi uleule ambao Beatrix aliolewa. Tarehe 15 Oktoba 1913, akiwa na miaka 47, alifunga ndoa na William Heelis, wakili wa eneo hilo aliyemsaidia kununua ardhi. Wazazi walikuwa wamepinga tena. Safari hii alihamia shambani moja kwa moja.

Miaka 30 iliyobaki aliishi zaidi kama mkulima kuliko kama mwandishi. Alishika kondoo wa Herdwick, mbegu ya kienyeji ya milima ile, wanaovumilia baridi na wanaokaa kwenye malisho yao bila uzio, kwa kuwa kila mwanakondoo hujifunza mipaka kutoka kwa mama yake. Wakati huo wakulima wengi walikuwa wakiiacha mbegu hiyo. Mwaka 1923 alinunua shamba kubwa la Troutbeck Park, ambako kondoo walikuwa wakisumbuliwa na minyoo ya ini, akapambana nayo. Mwaka 1926 akamwajiri mchungaji hodari, Tom Storey, na kondoo wao wakashinda tuzo kwenye maonyesho.

Beatrix alifariki tarehe 22 Desemba 1943. Majivu yake yalimwagwa na Storey karibu na Hill Top, mahali pasipotangazwa. Hakuwa na mtoto. Ardhi yake, zaidi ya ekari 4,000, aliiachia National Trust, shirika linalohifadhi ardhi na majengo ya kale, ili isikatwekatwe viwanja. Aliweka sharti pia: kondoo wa mashamba yake ya mlimani waendelee kuwa Herdwick.

Kondoo hao wapo hadi leo, na nyumba ya Hill Top hutembelewa na watu wa mataifa mbalimbali.

Nawe mpenzi msikilizaji, nyumbani kwako yule mnyama aliyelelewa kwa chupa huishia wapi: mnadani, au huachwa azeeke?