Mbwa Ambao Louis Pasteur Hakuweza Kuwachanja

Katika mitaa ya Segerea, kama ilivyo kwingi pembezoni mwa Dar es Salaam, mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku walinde nyumba. Si wote waliochanjwa. Yafaa basi kuyakumbuka maisha ya Louis Pasteur, mwanasayansi Mkatoliki wa Ufaransa, aliyefariki dunia tarehe 28 Septemba 1895, tarehe ambayo sasa ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Alizaliwa mjini Dole tarehe 27 Desemba 1822, mtoto wa mtengeneza ngozi aliyewahi kuwa askari wa Napoleon. Alikuwa na umri wa miaka minane hivi mbwamwitu mwenye kichaa alipowauma watu wa mkoa wao. Majeruhi walipelekwa kwa mhunzi wa Arbois, wakachomwa vidonda kwa chuma cha moto. Hapakuwa na tiba nyingine.

Mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent, msaidizi wake wa kuaminika katika uandishi wa kazi zake. Walijaliwa watoto watano, wakazika watatu wangali wadogo, wawili kati yao kwa homa ya matumbo. Mwaka 1868 alipata kiharusi kilichoudhoofisha upande wake wa kushoto. Kazi zake zilizo kubwa kuliko zote kuhusu chanjo alizifanya baada ya hapo.

Utafiti wa kichaa cha mbwa ulikuwa wa hatari. Ili kupata mate ya mbwa mgonjwa, wasaidizi walimshikilia mezani, naye Pasteur akayavuta kwa mrija wa kioo alioushika mdomoni. Pamoja na Émile Roux, aligundua kwamba uti wa mgongo wa sungura aliyeambukizwa, ukikaushwa siku kadhaa, hupungukiwa na ukali. Waliwachanja mbwa, na mwaka 1884 tume ya serikali ikathibitisha kwamba waliochanjwa hawakuugua.

Wazo lake lilikuwa kuwachanja mbwa wote wa Ufaransa, ugonjwa uzimwe kwenye chimbuko lake. Akapiga hesabu: mbwa zaidi ya milioni mbili, kila mmoja sindano kadhaa, na sungura wangapi wa kutosha? Akaliacha, akawageukia watu walioumwa. Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace. Kwa kuwa Pasteur hakuwa tabibu, sindano ilichomwa na daktari. Mtoto alipona. Haki inadai tuseme pia kwamba daftari zake, zilizochunguzwa na wanahistoria karne moja baadaye, zilionyesha kuwa majaribio ya njia ile kwa mbwa hayakuwa yamekamilika kama alivyowaaminisha watu.

Aliagwa katika Kanisa Kuu la Notre-Dame, Paris.

Hesabu iliyomshinda leo ni nyepesi. Wataalamu wanakadiria kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Nchini mwetu, kampeni katika vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Serengeti zimepunguza sana kichaa hicho. Mbwa huchanjwa anapotimiza miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka, na wa kuulizwa ni afisa mifugo wa kata. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.